Ndege ya mafunzo ya viti viwili: tazama injini kwanza

Wanunuzi wengi wa ndege ya mafunzo huanza kwa kuuliza inakwenda kasi gani. Mimi huuliza injini imebakiza saa ngapi kabla ya kufumuliwa, yaani kufunguliwa yote na kukarabatiwa upya. Mwanafunzi hutumia muda mwingi akipaa, akizunguka uwanja na kutua, na huko kasi ya safari haimsaidii.

Tena kuongeza nguvu hakuleti kasi kama watu wanavyodhani. Cessna 150 ina injini ya Continental O-200 ya nguvu za farasi 100. Mrithi wake, Cessna 152, ana Lycoming O-235 ya 110. Kwenye kitabu cha mtengenezaji, 152 husafiri kilomita 198 kwa saa, na 150 imeachwa nyuma kilomita mbili tu hivi. Upinzani wa hewa hupanda upesi kuliko kasi, kwa hiyo asilimia 10 ya nguvu huzaa kama asilimia 3 ya kasi, na uzito nao unadai chake.

1. Cessna 152. Hii ndiyo ningenunua. Injini yake, O-235-L2C, hufanya kazi saa 2,400 kabla ya kufumuliwa; O-200-A ya 150 hupewa 1,800. Adui wa zote mbili ni risasi, ile madini ya ledi, iliyomo kwenye petroli ya ndege. Kabla ya kulipa, mwombe fundi afungue plagi za chini mkiwa pamoja. Ukiona vishanga vya kijivu vimeganda kuzunguka kauri, ujue ndivyo vinavyofanya injini itetemeke mnapopima magneto, vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche. Ukipata 152 ya kuanzia mwaka 1983, ichukue: injini yake, O-235-N2C ya nguvu 108, ilibadilishwa chumba cha mwako ili kupunguza tatizo hilo hilo.

2. Tecnam P2008 yenye Rotax 912 ya nguvu 100. Inakunywa kidogo na inakubali petroli ya magari, hivyo risasi haikusumbui. Saa zake kabla ya kufumuliwa ni 2,000. Ila ina tabia zake: kabla ya kupima oili unazungusha rafadha kwa mkono, taratibu, mpaka oili irudi tangini na tangi licheue. Mwanafunzi asiyefundishwa hivyo atasoma kipimo cha uongo na kujaza oili isiyohitajika.

3. Diamond DA20-C1. Ina Continental IO-240 ya nguvu 125, na kitabu kinaipa kilomita 255 kwa saa. Usiisifu injini peke yake. Kasi hiyo inatokana na umbo laini la mwili na bawa. Haina kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, kwa hiyo barafu ya kabureta haipo. Kwa shule yenye safari ndefu za mafunzo, ningeipandisha hadi ya kwanza.

4. Piper Tomahawk. Injini ni jamaa ya ile ya 152, ila mabawa yana ukomo wa saa za kuruka. Soma kumbukumbu zake kwanza.

5. Pipistrel Velis Electro, ya umeme, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020. Ni tulivu sana, lakini hukaa angani chini ya saa moja. Inunue iwe ya pili, ya kuzunguka uwanja tu.