Kuchagua Mtaa kwa Picha za Setilaiti: Tathmini ya Google Earth Pro kwa Mnunuzi wa Nyumba

Mtu anayetafuta nyumba ya kununua mjini huonyeshwa vigae, makabati ya jikoni, dari na rangi ya kuta, yaani vitu ambavyo mwenye fedha na subira anaweza kuvibomoa na kuviweka upya. Asichoonyeshwa kwa kina ni kile ambacho hakuna fundi atakayekibadilisha: mteremko wa ardhi, njia ya maji ya mvua, barabara inayopita au itakayopita nyuma ya ukuta, na kasi ya majirani kujenga. Madalali wengi huyamaliza mambo hayo kwa sentensi moja, kwamba mtaa ni mzuri na unakua. Nimeitumia programu ya Google Earth Pro kuipima sentensi hiyo, na tathmini hii inahusu kazi hiyo pekee, kwani programu yenyewe ina matumizi mengine mengi yasiyomhusu mnunuzi wa nyumba.

Google Earth ilitolewa mwaka 2005, ikiwa imezaliwa na programu ya kampuni ya Keyhole ambayo Google iliinunua mwaka 2004. Toleo la Pro lilikuwa la kulipiwa kila mwaka hadi Januari 2015, lilipoanza kutolewa bure. Lipo pia toleo la kwenye tovuti na la simu, lakini ninayoyaeleza hapa yanahusu toleo la kompyuta, kwa kuwa lina zana zote ninazozihitaji mahali pamoja.

Sababu kubwa ya kuipendekeza programu hii ni hifadhi yake ya picha za zamani, iliyoongezwa mwaka 2009. Ukibofya alama ya saa, hutokea mstari wa tarehe unaoweza kuuvuta kurudi nyuma, na mtaa uleule ukaonekana jinsi ulivyokuwa miaka kadhaa iliyopita, kwa kadiri ya picha zilizopo za eneo hilo. Miji mingi ina picha safi za tangu miaka ya 2000. Za nyuma zaidi ya hapo mara nyingi hutoka kwa setilaiti za Landsat, ambazo kila nukta ya picha inabeba mraba wa mita 30 kwa 30. Humo huwezi kuiona nyumba, ingawa unaweza kuona kama palikuwa msitu, shamba au maji.

Jambo la kwanza la kusoma katika picha hizo ni mpangilio wa matukio. Mtaa ambao barabara zake zinaonekana zikichorwa ardhini kabla ya nyumba, kwa kawaida ni mtaa uliopimwa, na nafasi za mifereji, nguzo na mabomba zilifikiriwa mapema. Mtaa ambao nyumba zilitangulia, kisha njia zikajipenyeza katika mabaki ya nafasi, utakuwa na kona nyembamba ambazo gari la zimamoto halipiti, na siku mamlaka itakapoamua kupanua barabara, itabidi ukuta wa mtu uvunjwe. Si kwamba nyumba katika mtaa wa aina hiyo isinunuliwe. Kuna mitaa isiyopangwa yenye maisha mazuri kuliko mingi iliyopangwa. Ila bei yake na maswali ya kuuliza ni tofauti.

Jambo la pili ni ardhi tupu. Nyumba nyingi huuzwa kwa sifa ya mandhari ya wazi mbele yake, na mnunuzi huilipia mandhari hiyo kana kwamba imeandikwa katika hati miliki. Vuta mstari wa tarehe uangalie viwanja vingine vilivyokuwa wazi katika eneo hilo miaka kumi iliyopita. Ikiwa vyote vimejaa, hicho kilichobaki mbele ya dirisha lako kinasubiri zamu yake tu. Kwa upande mwingine, ukiona ukanda mwembamba ulionyooka ambao umebaki mtupu picha baada ya picha huku nyumba zikibanana pande zote mbili, usidhani kwamba watu wameusahau. Ardhi ya mjini haisahauliwi. Aghalabu huo ni ukanda wa njia ya umeme mkubwa, bomba, reli au hifadhi ya barabara, na kabla ya kulipa hata amana ni lazima kwenda ofisi ya mipango miji kuuliza umetengewa nini.

Maji ndiyo yanayonifanya niiheshimu programu hii kuliko zana nyingine zote za kuchagulia mtaa. Picha ya msimu wa kiangazi, ambapo eneo zima limekauka na kuwa la kahawia, huweza kuonyesha mkanda wa kijani kibichi unaopinda katikati ya viwanja. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba maji yako karibu na uso wa ardhi, hata kama leo pamefunikwa na lami. Picha za zamani zaidi zinaweza kuonyesha kijito ambacho leo hakionekani kwa sababu kimefukiwa au kimeingizwa katika kalvati. Maji hayakuondoka; yamenyimwa njia, na mvua kubwa ikija huirudia ile ya awali. Vivyo hivyo kwa ardhi oevu iliyojazwa kifusi: katika picha moja ni bwawa lenye matete, katika inayofuata ni uwanja mwekundu wa udongo mpya, katika ya tatu ni safu ya nyumba. Kifusi kisichoshindiliwa vizuri hutitia kwa viwango visivyo sawa, na nyufa zinazotokana na kutitia huko hupigwa plasta na kupakwa rangi kabla mnunuzi hajafika. Anayeijua historia ya kiwanja ataziangalia kuta kwa jicho jingine, na atamchukua mhandisi mapema badala ya kumwita baada ya kuhamia.

Hata hivyo, kuna mtego hapa ambao sijaona ukielezwa vya kutosha. Picha zinazochaguliwa kuwekwa katika programu ni zile zilizopigwa wakati anga haina mawingu, na mafuriko hutokea wakati wa mawingu. Kwa hiyo hifadhi nzima ya picha ina upendeleo wa kudumu kwa siku kavu. Mtaa unaweza kufurika kila msimu wa mvua na usiwe na picha hata moja yenye maji. Setilaiti za rada, kama Sentinel-1 ya Ulaya, huona kupitia mawingu, lakini picha zake hazimo katika mstari huo wa tarehe. Mkanda wa kijani, mkondo wa zamani na rangi ya kifusi ni dalili za kuzingatiwa. Kutokuwepo kwa picha ya mafuriko si dalili ya chochote.

Zana ya mwinuko inavutia kuliko inavyostahili. Unachora mstari kutoka kilimani hadi bondeni, kisha programu inakuchorea mchoro wa kupanda na kushuka kwa ardhi, wenye tarakimu za mita. Kwa miaka mingi msingi wa takwimu hizo kwa sehemu kubwa ya dunia umekuwa upimaji wa rada uliofanywa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, katika safari ya siku 11. Ulikuwa upimaji wa ajabu, lakini ulichukua urefu mmoja kwa takribani kila mita 30, na lengo lake la usahihi wa wima lilikuwa ndani ya mita 16. Matokeo halisi yalikuwa bora kuliko lengo hilo, ila rada hiyo ilipima mapaa na vilele vya miti badala ya ardhi iliyo chini yake, na ilipima hali ya mwaka 2000. Kama swali lako ni upande gani wa mlima maji yanateremkia, mchoro huo utakujibu vizuri. Kama mtaa ni tambarare na swali lako ni iwapo kizingiti cha mlango kiko juu au chini ya mtaro wa jirani, jambo linaloamuliwa na sentimita, usiutumie kabisa. Mwite mpima ardhi.

Rula ya kupimia umbali, kwa upande wake, ni kifaa cha kawaida ambacho thamani yake inategemea anavyokitumia mtu. Matangazo ya nyumba hupenda umbali wa mstari ulionyooka, kwa sababu ndio mfupi kuliko wote. Shule iliyo mita 400 kwa mstari huo, ambayo mtu mzima angeifikia kwa dakika tano hivi, inaweza kuwa kilomita mbili kwa miguu ikiwa katikati yake kuna reli, mto au barabara kuu isiyo na kivuko. Chora njia halisi, kona kwa kona, nayo programu itajumlisha. Ukiwa hapo, hesabu pia milango ya mtaa, yaani barabara zinazouunganisha na jiji. Mitaa yenye njia moja tu ya kutokea husifiwa kwa utulivu, na sifa hiyo ni ya kweli hadi asubuhi ya siku za kazi, ambapo kila gari hujibana katika njia hiyohiyo, au hadi siku ambayo gari la wagonjwa linahitaji kuingia huku mengine yanatoka. Mimi huupa uzito mkubwa ukaguzi huu, pengine kuliko ukaribu wa maduka.

Picha za usawa wa barabara, zilizoanza mwaka 2007, hufunguka ndani ya programu hiyohiyo pale zilipo, na kwenye Google Maps unaweza, tangu mwaka 2014, kutazama pia zilizopigwa miaka ya nyuma. Angalia mitaro kama ina takataka, kuta kama zina mstari wa tope kwa urefu uliolingana, na maduka kama yanaongezeka au yanafungwa. Miji mingi, hasa mitaa ya pembezoni, haina picha hizi, au inazo za barabara kuu tu.

Kasoro za programu hii kwa mnunuzi ni za aina mbili, na ni vyema zisichanganywe. Ya kwanza ni mambo yaliyo nje ya uwezo wa picha yoyote: kelele za usiku, harufu ya kiwanda upepo unapogeuka, nguvu ya maji bombani, uhalali wa hati, tabia ya majirani. Haya yanahitaji miguu, masikio na ofisi ya ardhi, na kuilaumu programu kwa kutoyajua si haki. Ya pili ni upotofu wa picha zenyewe, na huu unastahili lawama zaidi kwa sababu hauonekani kwa urahisi. Unachokiona kwenye skrini kinaweza kuwa ni viraka vya picha za tarehe tofauti vilivyoungwa pamoja, na tarehe inayosomeka chini ya dirisha ni ya eneo unalolitazama wakati huo tu. Picha za mwaka mmoja na mwingine hazikai sawasawa. Nyumba huonekana imehama mita kadhaa ilhali ni picha iliyohama. Majengo marefu hulala upande kutegemea setilaiti ilipita upande gani. Kwa sababu hizo, mtu anayekuonyesha mpaka wa kiwanja kwa kuchora mistari juu ya Google Earth anakuonyesha makadirio, hata kama mistari yake ni myembamba na ya kupendeza.

Kuna upotofu wa tatu, ambao ni wa mtazamaji zaidi kuliko wa programu. Ukitazama mtaa kutoka juu, jicho huvutwa na mapaa mapya na bustani zilizokatwa vizuri, na ni rahisi kuukataa mtaa wenye watu wema, soko la karibu na usafiri wa uhakika kwa sababu tu mapaa yake yameshika kutu. Miti mikubwa ndiyo pambo pekee la kutoka juu ninaloliamini, kwa kuwa inahitaji miongo kukua na hupunguza joto la mtaa.

Wapo wanaopendelea huduma zinazotoa alama moja badala ya picha, kama Walk Score, iliyoanzishwa mwaka 2007 na kununuliwa na kampuni ya Redfin mwaka 2014, ambayo huupa mtaa alama kati ya 0 na 100 kwa kuangalia yanayofikika kwa miguu: kilicho ndani ya dakika tano hupata alama kamili, kilicho mbali zaidi ya dakika thelathini hakipati kitu. Pale inapofanya kazi, husaidia kuchuja orodha ndefu. Lakini alama haikuambii kijito kilifukiwa wapi, na mtu aliyekwisha kupewa 85 haoni haja ya kuuliza zaidi.

Kuhusu utumiaji wenyewe, tafuta kompyuta yenye skrini kubwa na intaneti isiyokatika, kwani picha za zamani hupakuliwa upya kila unapovuta tarehe, na katika mtandao dhaifu utaangalia ukungu kwa muda mrefu. Weka alama kwenye kila nyumba unayoifikiria, andika ndani ya alama hiyo tarehe za picha zilizokutia shaka, kisha hifadhi zote kama faili la KMZ, yaani faili moja linalobeba alama zako pamoja na maelezo yake. Toleo la Pro huziweka alama hizo katika kompyuta uliyotumia tu, wala halizipeleki kwenye simu, upungufu usioeleweka kwa programu ya kampuni yenye uwezo kama huo. Faili hilo, hata hivyo, mpima ardhi au mhandisi anaweza kulifungua kwake na kuona kile ulichokiona, kabla hajafika kwenye kiwanja na kabla hujasaini chochote.