Nyumba ya Uani au Fleti ya Michenzani

Familia inayotafuta makaazi mjini Unguja mara nyingi husimama baina ya mambo mawili: nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, ya Ng'ambo (mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe), yenye baraza mbele na uani nyuma, au fleti katika majumba ya Michenzani yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Abeid Amani Karume. Fleti ina vyumba vilivyopangika na faragha ya mlango mmoja. Ila maji yakikosekana, ndoo hupandishwa ngazi kwa ngazi, na mzee anayeumwa na magoti hushinda huko juu.

Nyumba ya chini humpa kila mtu pahala pake bila ya kumtenga: bibi hukaa uani juu ya kibao cha mbuzi akikuna nazi, huku mjukuu akimsomea juzuu yake, na baba huzungumza na wageni barazani baada ya sala ya alasiri. Kelele za mtaa haziepukiki, nakiri. Hata hivyo, kwa familia yenye wazee na watoto wadogo nachagua uani, kwa kuwa huko mtoto hutazamwa na wengi, na mama hachoki peke yake.