Siku nzima kitaluni Uyole na Kidato cha Tatu

Nafundisha Biolojia hapa Mbeya mwaka wa tisa sasa. Kila nikiuliza darasani nani angependa kazi ya maua, hakuna mkono unaonyooka. Kwao maua ni kupamba ukumbi wa harusi, basi. Niliposikia kuna kitalu cha maua Uyole kinachopokea wanafunzi kwa shilingi 3,000 kila mmoja, nikakodi kosta. Tulikwenda 42, mwezi wa Juni, baridi kali kweli.

Mama mwenye kitalu alipokea shikamoo zao, akawagawia mikasi na matawi ya waridi papo hapo. Kata chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, chovya kwenye unga wa homoni, chomeka mchangani. Kisha akang'oa vipandikizi vya wiki kadhaa nyuma, mizizi myeupe ikining'inia. Kijana ambaye huwa anasinzia kipindi changu akaniita: "Mwalimu, kumbe auksini ndiyo hii?" Homoni hiyo ya mimea, inayochochea mizizi, nilikuwa nimeichora ubaoni wiki mbili.

Kilichonigusa zaidi ni ndizi. Siku mbili kabla, fundi wao alikuwa amefungia maua ya kanesheni kwenye mfuko pamoja na ndizi mbivu, na mengine kwenye mfuko mtupu. Yale ya ndizi petali zilikuwa zimejikunja kwa ndani, yamelala. Ndizi ikiiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huzeesha maua. Wanangu wengi kwao ni Tukuyu, ndizi zimejaa hadi chini ya kitanda. Somo hilo halitawatoka. Akaeleza pia kwa nini waridi lililokatwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 4, na hapo kazi zikaanza kujitokeza zenyewe: fundi wa majokofu, dereva wa gari la ubaridi, fundi wa umwagiliaji wa matone, mkaguzi wa wadudu. Walisisimka sana na mnada wa maua wa Aalsmeer kule Uholanzi. Mnadani kwetu bei hupanda. Kule bei huanzia juu, na saa kubwa ya mnada huishusha mpaka mnunuzi aisimamishe.

Chakula kilikuwa wali maharage, cha kutosha.

Sasa niseme kilichonikera. Binti mmoja aliuliza anayeanza kazi analipwa kiasi gani, akajibiwa kwamba inategemea bidii. Hilo si jibu. Mtoto wa Kidato cha Tatu anakaribia kuchagua tahasusi, na mzazi wake nyumbani atamuuliza swali lile lile. Njia ya masomo nayo haikutajwa. Ilibidi niwaambie mimi kwenye kosta kwamba SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kuna shahada ya kilimo cha bustani, na kwenye chuo cha Tengeru, Arusha, kuna ngazi za chini yake. Halafu pareto! Ua la kutengenezea dawa ya wadudu, linalosomesha watoto katika nyanda hizi, lenye kiwanda Mafinga, hakuna aliyelitaja siku nzima.

Nilimweleza mama haya yote kwa simu jioni ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, kwa mshahara umenibana, nitaandaa jibu." Septemba nawapeleka Kidato cha Pili. Ameahidi kumwita mkulima wa pareto kutoka Umalila, aje na maua yake makavu kwenye gunia.