HandBrake na ile DVD ya kwaya ya 2008: uzoefu wangu wa kutoa VOB kwenda MP4 na MP3

Wadau habari zenu. Nimetumia HandBrake, programu ya kompyuta ya kugeuza video, kama miezi minne sasa, nimeona niandike maana wakati naitafuta mimi kila nilichokua nasoma ni pakua, bonyeza hapa, imeisha. Kwangu haikuisha hivyo.

Kazi yenyewe ilikua hivi. Kwaya yetu ya usharika ilirekodi DVD 2008, nyimbo kumi, mwalimu aliyetufundisha zote alitutoka 2019, na nakala nzima iliyobaki ni moja tu, anayo mama mwalimu kabatini. Deki majumbani hazipo tena, kompyuta nyingi za sasa hazina hata pa kuingizia diski. Nikapewa jukumu, nyimbo ziingie kwenye simu za wanakwaya watu wajikumbushe sauti zao, na video ziwekwe kwenye flashi zichezwe kwenye tivii ya ukumbini.

Kabla yangu ilishapelekwa kwa fundi mmoja wa studio mtaani, akachukua elfu kumi akarudisha MP4. Tukafungua, watu wote wembamba kama wamevutwa juu na chini, mtu akinyoosha mkono unaona mistari imelala kama meno ya kitana, na nyimbo zimekatwa mwanzoni. Iliniuma kwakweli. Nikasema ngoja nielewe mwenyewe hii kitu inavyofanya kazi.

Kitu cha kwanza nilichoelewa na ndio kilinifungua macho, MP4, MKV, MOV, AVI, VOB, hayo ni majina ya kontena tu. Ni kama makontena ya bandarini, maandishi ya nje hayakuambii ndani kuna mitumba au matairi. Ndani ya kontena kuna video iliyobanwa kwa njia yake, na sauti iliyobanwa kwa njia yake, hizo njia za kubana ndio kodeki. Ndio maana unaweza ukawa na MP4 mbili, moja inacheza kwenye tivii nyingine inagoma, kumbe moja ina kodeki ya H.264 ya 2003 na nyingine H.265 ya 2013. Na wale wanaobadilisha jina la faili kutoka .mkv kwenda .mp4 wakidhani wamegeuza, hamjageuza kitu jamani, mmebandika kibao kipya kwenye kontena lile lile. Ukitaka kujua kilichomo fungua na VLC ukiwa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na J, itakuonyesha kila kitu.

DVD yetu ndani ilikua na folda ya VIDEO_TS, mafaili ya VOB yamekatwa vipande vya GB 1 moja moja, video ni MPEG-2, sauti ni AC-3. Picha imehifadhiwa 720 kwa 576 ambavyo ndivyo DVD za huku kwetu zilivyo, lakini deki ikicheza ilikua inaitanua iwe pana kama 1024. Fundi aliiacha 720 vile vile, ndio tukawa wembamba. Ile mistari nayo ni kwa sababu picha za zamani zilirekodiwa nusu nusu, mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu, kwenye tivii za chogo ilikua haionekani ila kwenye skrini za sasa lazima uziunganishe ndio uzibane.

Sasa HandBrake. Ni ya bure kabisa, ilianza 2003, ipo ya Windows, Mac na Linux. Pakua kwenye tovuti yao wenyewe handbrake.fr na si kwingine, na hata hapo linganisha ile namba ya uhakiki wanayoiweka na ya faili ulilopakua, maana Mei 2017 moja ya seva zao iliingiliwa na toleo la Mac likawekewa kirusi kwa siku kadhaa. Kwenye Windows itakudai kwanza .NET Desktop Runtime, usiogope, ni ya Microsoft.

Nilikopi kwanza folda yote kwenye kompyuta ili diski isichakae kwa kuzungushwa, nikaionyesha HandBrake ile folda, ikasoma yenyewe ikaona nyimbo zote kama sura kumi. Nikachagua seti ya mipangilio iliyo tayari inaitwa Fast 576p25, upana ikarekebisha yenyewe watu wakarudi na miili yao, kwenye sehemu ya vichujio nikahakikisha ya kuondoa mistari imewashwa, basi. Ubora unapimwa kwa namba inaitwa RF, hapa wengi wanachanganya, namba ikishuka ubora unapanda na faili linakua kubwa. Kwa DVD wenyewe wanashauri 18 hadi 22, nikaweka 20. Unaweza kuchagua sura ya kwanza peke yake, ukaiweka kwenye foleni, ya pili, ya tatu, mpaka kumi halafu ukaenda kulala. Kompyuta yangu ya zamani ilitumia kama dakika 50 kwa kazi yote, feni inalia kama mashine ya kusaga.

Kosa nililofanya ni tamaa. Niliona H.265 inatoa faili dogo zaidi nikasema hii hii, nikapeleka flashi ukumbini tivii ikatoa sauti bila picha mbele ya wazee wa kanisa. Nikarudi nyumbani nikarudia zote kwa H.264. Kwa hiyo kama hujui faili litachezwa wapi, H.264 na sauti ya AAC ndani ya MP4, kwangu mimi hiyo imecheza kila nilipoipeleka. Na kama flashi yako imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32 faili moja haliwezi kuzidi GB 4, usiunganishe nyimbo zote kwa pamoja.

Kinachonikera HandBrake ni viwili. Kwanza video lazima iibane upya, hata kama video ya ndani iko sawa na unataka tu kuihamisha kutoka MKV kwenda MP4. Itakula saa nzima na ubora utashuka bure. Pili haitoi sauti peke yake, na sisi sauti ndio tulikua tunaitaka zaidi. Kwa hayo mawili nimelazimika kujifunza programu nyingine, FFmpeg, ambayo haina vitufe, unaandika amri. Inatisha ila amri ni fupi tu:

ffmpeg -i wimbo.mkv -c copy wimbo.mp4

Hiyo inahamisha mzigo kwenda kontena jingine bila kuugusa, sekunde chache imemaliza. Na ya kutoa sauti:

ffmpeg -i VTS_01_1.VOB -vn -c:a libmp3lame -b:a 192k sauti.mp3

Angalia hapo nimetoa MP3 moja kwa moja kwenye VOB, sio kwenye MP4 niliyoibana jana. Kila ukibana unatupa kitu, ukibana kilichobanwa unatupa tena, sauti ya nne inaanza kuvuma na zile "s" zinapiga miluzi. Na mtu asikwambie ukigeuza MP3 kuwa WAV sauti inakua safi, inakua kubwa tu, kilichotupwa hakirudi. Kwa 192 dakika moja ni kama MB 1.4, wimbo wa dakika tano ni MB 7, hata mwenye bando la mia tano anapokea.

Halafu ile ya nyimbo kukatwa mwanzo. Nilikuta hata mimi zangu zinaanza ghafla, nikajua basi ndivyo zilivyorekodiwa. Siku moja naangalia DVD nzima mfululizo nikasikia mwisho wa wimbo wa tatu, makofi yameisha, mwalimu anatoa noti za wimbo wa nne, do, mi, so, halafu "moja, mbili". Ilikua kwenye sura ya nyuma. HandBrake inaruhusu kukata kwa sekunde badala ya sura, nikarudia wimbo wa nne kuanzia sekunde 9 kabla, nikaangalia na zingine, sita zilikua na sauti yake.

Zile noti zake nimezitoa pia peke yake kama MP3, mama mwalimu anatumia simu ya vitufe na haisomi M4A, yaani faili la sauti la aina ya MP4. Nilimwekea kwenye memori kadi Jumapili baada ya ibada.

HandBrake nampa nne kati ya tano. Mwenye swali kuhusu DVD za zamani aulize hapa, nitajibu.