Ubongo wa plastiki wa 165,000: mzuri, ila sinapsi imegandishwa gundi

Nimekaa na kifaa hiki tangu Novemba, kwa hiyo sasa naweza kukisifia na kukisema. Ni seti ya vitu viwili: ubongo wa plastiki unaofumuka vipande vinane, na seli ya neva iliyokuzwa, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Nilinunua kwenye duka moja la vifaa vya shule hapa Mtwara mjini kwa shilingi 165,000, baada ya kuanzia 190,000. Ilikuwa msimu wa korosho, minada imechangamka, na kila muuzaji anaamini hata mwalimu ana pesa.

Nafundisha baiolojia kidato cha tatu. Somo tunalifundisha kwa Kiingereza, kuelewa wanaelewa kwa Kiswahili, na mada ya neva hawaielewi kwa lugha yoyote mpaka washike kitu. Ndiyo maana nilikubali kutoa hela yangu mfukoni.

Nianze na ubongo, maana huo sina ugomvi nao. Vipande vinashikana kwa sumaku, vinaachia bila kuvunjika, na watoto 62 wameupitisha mkono kwa mkono bila hata pembe kumeguka. Rangi za sehemu zinatofautiana vizuri. Namba zilizochapwa juu zimeanza kufutika kwa jasho la vidole. Nimezirudishia kwa rangi ya kucha. Stendi inayumba. Karatasi ya maelezo imeandikwa Kichina na Kiingereza kidogo, herufi kama chawa.

Tatizo ni seli ya neva. Mwishoni mwa mkia wake kuna vifundo, na kila kifundo kilipaswa kuikaribia seli ya pili bila kuigusa, kiache nafasi. Hapo ndipo penye sinapsi. Kwenye modeli hii vifundo vyote vimegandishwa gundi moja kwa moja kwenye seli ya pili. Hakuna nafasi. Ni sawa na kuuziwa ramani ya Mtwara isiyo na bahari.

Mwaka 1906 Camillo Golgi wa Italia na Santiago Ramón y Cajal wa Hispania walipewa Nobel moja kwa pamoja, na wakaenda kuipokea hawaafikiani. Golgi alishikilia kuwa neva zote zimeungana kama jarife moja kubwa. Cajal alisema kila seli inasimama peke yake na kumkaribia tu jirani. Cajal ndiye aliyekuwa sahihi, na darubini za elektroni za miaka ya 1950 zikaionyesha nafasi yenyewe. Kiwanda kilichotengeneza seli yangu bado kiko upande wa Golgi.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta akaigeuzageuza. "Madam, si imeshikana vizuri? Ingekuwa imeachana ndiyo ungelalamika." Nikamweleza. Akanionyesha chini ya risiti: bidhaa ikishatoka hairudi.

Basi nikaipeleka kwa fundi baiskeli, akapitisha msumeno wa chuma kwenye kila kifundo, nikamlipa 2,000. Upande wa pili nikabandika vipande vya kandambili nilivyovikata kwa wembe, viwe vipokezi, yaani sehemu za kupokea ujumbe. Nafasi sasa inapitisha kidole. Ile halisi ni kama nanomita 20: chukua milimita moja ya kwenye rula, igawe mara 50,000. Tangu siku hiyo kifaa kikaanza kufundisha.

Kwa watoto wa hapa, mfano ulikuwa kivuko cha Msangamkuu. Bodaboda inakuja mbio mpaka ufukweni, hiyo ni ishara ya umeme. Majini haiwezi kukimbia. Abiria wanashuka, wanavuka, upande wa pili wanafika gatini, na bodaboda nyingine inawachukua. Abiria ni kemikali, magati ni vipokezi. Kuna abiria wanaofika wakisema "anza!", kama glutameti, na wapo wanaosema "tulia!", kama GABA. Nikawapa na kisa cha Otto Loewi wa mwaka 1921: alichochea neva inayopunguza mapigo ya moyo wa chura, akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo akayamimina kwenye moyo wa chura mwingine, nao ukapunguza mwendo bila neva yake kuguswa. Darasa likapiga kelele. Sijui kwa nini watoto wanapenda vyura kiasi hicho.

Kivuko kikishaeleweka, magonjwa yanajieleza. Pepopunda kila mtu hapa amewahi kuisikia: msumari, kidonda, mwili unakakamaa kama ubao. Sumu ya yule bakteria hupanda mpaka uti wa mgongo, ikaingia kwenye seli zinazotuma abiria wa "tulia" na kukata protini inayowashusha kwenye chombo. Abiria wamo ndani, mlango haufunguki. Waliobaki ni wa "anza" peke yao, na misuli haipumziki.

Kitu ambacho modeli haiwezi kabisa kuonyesha, hata kwa msumeno, ni kwamba sinapsi hazikai zilivyo. Peter Huttenlocher alizihesabu kwenye sehemu ya mbele ya ubongo wa binadamu, akachapisha mwaka 1979: mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ana msongamano wa sinapsi karibu mara moja na nusu ya mtu mzima. Baada ya hapo zinapungua, mpaka kwenye umri wa ujana. Darasa lilidhani nimekosea kuandika. Mtoto anazidi vipi, na hajui hata kuvaa viatu?

Aliyenisaidia ni kijana mmoja wa nyuma, kwao wana mikorosho. Akasema, "Madam, si ni kama kupogolea?" Ndicho hasa. Mkorosho ukiuacha uote ovyo, matawi yanasongana, mwanga hauingii, unapata kichaka. Ubongo unachipua miunganiko mingi kuliko inayohitajika, inayotumika inaimarika, isiyotumika inaondolewa, na seli ziitwazo mikroglia ni miongoni mwa washika panga. Yule yule akauliza, "Na ukikata tawi lenye maua?" Nikakaa kwenye meza kabisa. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa aina fulani za jeni C4 zinaongeza uwezekano wa mtu kupata skizofrenia, ugonjwa wa akili, na kwa panya jeni hiyo inashiriki katika kupogolea sinapsi. Ugonjwa wenyewe mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au mapema utu uzima. Sikuwaambia kwamba ndiyo sababu yote, maana siyo, ila swali lake ndilo wanalofukuzia maabara.

Upande wa pili kuna panga lisilokata vya kutosha. Kwenye ugonjwa wa X dhaifu (fragile X), wa kurithi, unaoathiri akili ya mtoto, jeni moja ya kromosomu X, iliyotambuliwa mwaka 1991, imezimwa. Protini yake ndiyo huzuia utengenezaji wa protini nyingine penye sinapsi usipitilize. Ikikosekana, vijiba vinavyopokea ujumbe vinakuwa vingi, virefu, vyembamba, kama havijakomaa. Na usonji? Mwaka 2003 timu ya Thomas Bourgeron wa Ufaransa ilikuta, katika familia mbili zenye ndugu wenye usonji, kasoro kwenye jeni za neuroligini, protini zinazosaidia pande mbili za sinapsi kushikana bila kuziba nafasi. Familia mbili tu, na usonji una sababu nyingi, lakini nikiviona vile vifundo vyangu vilivyogandishwa gundi huwa nawaza habari hiyo.

Mtoto wa dada yangu ana kifafa. Alianza na degedege la homa akiwa mdogo, bibi akasema ni dege, tukazunguka sana kabla ya hospitali. Anatumia fenobabitoni, vidonge vya kuzuia kifafa. Mwaka juzi dada aliacha kumpa, kisa miezi mitatu mtoto hajaanguka, na akaanguka mara mbili kwa wiki moja. Likizo hii nilimwekea modeli mezani, nikamwonyesha gati la GABA, kile kipande cha kandambili ya bluu, kwamba vidonge vyake vinarefusha muda ambao mlango wa gati hilo unakaa wazi, na ukiviacha ghafla wa "anza" wanazidi nguvu. Dada ndiye aliyesikiliza. Mtoto alitaka kujua kandambili ni ya nani.

Ubongo napa nyota nne. Seli ya neva, kama ilivyotoka dukani, nyota moja. Baada ya msumeno, nne. Ukiinunua, hesabu 167,000, na kandambili iwe ya zamani, mpya ni ngumu kukata. Juzi nimepita, yule kijana akaniambia mzigo mpya umeingia. Nikaomba aufungue nione. Gundi ile ile.