Vijiji vya Vilimani Nchini Italia: Orvieto, Civita di Bagnoregio na Pitigliano kwa Siku Nne

Mwanzoni mwa daraja la kuingilia Civita di Bagnoregio, kaskazini mwa Roma, nililipa euro 10 za watu wawili, na mama yangu, ambaye amezaliwa Tanga na hajawahi kuhama Tanga, akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya kukanya: "Mwanangu, tangu lini mgeni akalipishwa kuingia kijijini kwa watu?" Swali hilo lilinifuata siku zote nne tulizozunguka vijiji vya vilimani katika eneo ambalo mikoa ya Lazio, Umbria na Toscana inakutana. Tathmini hii ni jitihada ya kumjibu, kwa kuwa nimeona kwamba uzuri wa ziara ya namna hii unategemea mno saa unayofika na kile unachokilipia.

Tulifikia Orvieto, na ningemshauri yeyote asiye na gari afanye hivyo hivyo. Treni kutoka Roma huchukua zaidi kidogo ya saa moja, na mkabala na stesheni kuna behewa dogo linalovutwa kwa kamba juu ya reli hadi mjini, jambo lililomwokoa mama mwenye magoti mabovu. Kanisa kuu la Orvieto, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1290, limeandikwa sana na wengine, nami sitaongeza neno ila kwamba uso wake wa mbele huonekana vizuri zaidi alasiri, jua linapoupiga moja kwa moja. Kilichonivutia zaidi ni kisima kiitwacho Pozzo di San Patrizio, kilichochimbwa kati ya mwaka 1527 na 1537 kwa amri ya Papa Clement VII, aliyekimbilia huko baada ya Roma kutekwa na kuporwa. Kina chake ni zaidi ya mita 50, na ndani yake mna ngazi mbili zinazozunguka bila kukutana, kila moja ikiwa na vidato 248, ili punda wanaoshuka na vyombo vitupu wasipambane na wale wanaopanda na maji. Mama alibaki juu akinisubiri, na niliporudi nikihema alisema kuwa siku hizi punda wamepumzishwa, wamebaki wanadamu kulipa wapande wenyewe.

Ili kuielewa Civita ni lazima kwanza kuelewa jiwe lake. Eneo lote hili limefunikwa na jiwe laini linaloitwa tufu, yaani majivu yaliyotapikwa na volkeno za kuzunguka ziwa Bolsena na kugandamana kwa maelfu ya miaka. Jiwe hilo hukatika kwa urahisi, na ndiyo sababu Waetruski, waliokuwapo kabla ya Warumi, waliweza kuchimba ndani yake mapango, makaburi, maghala na njia za chini kwa chini. Tatizo la Civita ni kwamba tufu yake imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi, na mvua na vijito vinapoumomonyoa udongo huo, jiwe la juu hubaki likining'inia mpaka siku linapokatika na kuporomoka bondeni pamoja na chochote kilichojengwa juu yake. Waitalia wenyewe hukiita kijiji hiki mji unaokufa, na msemo huo umechapishwa kwenye vibao na kadi za posta bila haya yoyote.

Pigo kubwa lilikuwa tetemeko la ardhi la mwaka 1695, ambalo baada yake askofu na uongozi wa mji walihamia Bagnoregio, upande wa pili wa bonde, na wakazi wakawafuata kidogo kidogo. Leo wanaoishi Civita mwaka mzima ni wachache sana, hawazidi watu wa nyumba chache, ilhali wageni wanaovuka daraja kila mwaka ni malaki. Daraja lenyewe ni la zege, la mwaka 1965, lina urefu wa takriban mita 300 na ni la waendao kwa miguu. Limelala vizuri mwanzoni, kisha kuelekea langoni linainuka kiasi cha kumfanya mtu mzima asimame mara tatu akijidai anatazama mandhari. Mama alisimama mara sita, na hakujidai.

Tulivuka saa saba mchana, na hilo lilikuwa kosa langu. Vikundi vilivyoletwa na mabasi vilikuwa vimejaa darajani, kila mtu akitafuta mahali pa kupigia picha, na ndani ya lango uchochoro mkuu ulikuwa na msongamano kama wa Forodhani usiku wa sikukuu. Isitoshe, nyumba ya wageni tuliyokuwa tumelipia, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeahidi katika tangazo lake kwamba mtu angekuja kutuchukulia mizigo upande wa Bagnoregio. Hakuja mtu, simu haikupokelewa, nami nikavuka na masanduku mawili huku mama akibeba mkoba wa dawa. Anayekusudia kulala Civita aache sanduku kubwa Orvieto na avuke na begi la mgongoni tu, hata aahidiwe nini.

Ilipofika saa kumi na mbili jioni, hata hivyo, wageni wa mchana walianza kurudi darajani, na baada ya saa moja kijiji kikawa cha paka, cha wahudumu wa migahawa miwili mitatu, na chetu sisi. Hapo ndipo niliporidhika na fedha zangu. Mara tu baada ya kupita lango la Porta Santa Maria, ambalo juu yake kuna simba wa mawe waliokamata vichwa vya watu kwa kumbukumbu ya wananchi kuwaangusha watawala wao wa ukoo wa Monaldeschi, kuna ukuta wa jumba la kitajiri wenye madirisha mazuri yaliyochongwa. Ukichungulia katika madirisha hayo unaona mbingu, kwa sababu vyumba vilivyokuwa nyuma yake vilikwishaanguka bondeni. Nyumba inayosemekana kuwa ya utotoni mwa Mtakatifu Bonaventura, mwanafalsafa wa karne ya 13, nayo imekwenda na jabali. Mama aliusimamia ukuta ule kwa muda mrefu, akaniambia kuwa sasa anaelewa hela ya mlangoni inakwenda wapi, ingawa aliongeza kwamba angependa kuona risiti.

Kwa maoni yangu kiingilio hicho, kilichoanza mwaka 2013 kikiwa euro moja na nusu, ni cha haki. Kuzuia jabali lisiporomoke ni kazi isiyokwisha, na haiwezekani kuwatwisha gharama hiyo watu wachache waliobaki. Ninalolalamikia ni kwamba sehemu kubwa ya kijiji imegeuka kuwa duka: mafuta ya zeituni, sabuni, sumaku za friji, na mlango baada ya mlango ulioandikwa bei. Asubuhi nilitoka saa kumi na mbili na nusu, nikakuta ukungu umejaa bondeni na kanisa la San Donato limesimama peke yake kwenye uwanja wake wa mchanga, wala hapakuwa na harufu ya moto wala sauti ya mtoto popote. Ni pazuri sana, lakini ni uzuri wa nyumba ambayo wenyewe wamekwishahama.

Kuhusu chakula ni lazima niseme wazi, hasa kwa wasomaji Waislamu. Nyama inayosifiwa zaidi vijijini huku ni *cinghiale*, yaani nguruwe mwitu, na mara nyingi huingia kwenye mchuzi wa tambi. *Guanciale* ni shavu la nguruwe, na *strutto* ni mafuta yake, ambayo huweza kuwamo hata kwenye mikate. Tulijifunza kuuliza kila mara, na wahudumu walijibu kwa uungwana. Tuliponea kwenye mkate wa kuchoma uliomiminiwa mafuta mapya ya zeituni na kitunguu saumu, tambi nene za mkono ziitwazo *umbrichelli* kwa mchuzi wa nyanya, maharage na jibini ya kondoo. Jikoni hufungwa baada ya saa nane na nusu hivi mchana na huwa hapafunguliwi tena hadi saa moja na nusu usiku, kwa hiyo anayechelewa atashinda na biskuti. Katika bili usishtuke ukiona *coperto*, ambayo ni malipo ya kukaa mezani, na kila mtu hutozwa.

Siku ya tatu tulikodi gari kwenda Pitigliano, ndani ya Toscana, kwa kuwa reli haifiki huko. Ukitokea kona ya mwisho ya barabara, mji wote unajitokeza juu ya jabali, na huwezi kusema jiwe linakomea wapi na ukuta wa nyumba unaanzia wapi. Hapa ndipo nilipopata nilichokikosa Civita: nguo zimeanikwa madirishani, wazee wamekaa barazani wakibishana, na mwanamke mmoja aliyemwona mama akipumzika akamletea kiti bila kuulizwa. Mji huu huitwa Yerusalemu Ndogo kwa sababu Wayahudi waliofukuzwa katika milki za Papa karne ya 16 walipata hifadhi humo, wakajenga sinagogi mwaka 1598, na chini yake wakachonga katika tufu tanuri la mikate ya Pasaka na bwawa la kujitoharishia. Sinagogi hufungwa Jumamosi, hivyo panga siku yako.

Huko huuzwa kitamutamu kiitwacho *sfratto*, neno lenye maana ya kufukuzwa nyumbani. Ni kijiti cha unga kilichojazwa asali na *noci*, yaani kokwa za walnut, chenye umbo la fimbo walizotumia maofisa kugonga milango ya Wayahudi walipoamriwa kuhamia mtaa wao wa kutengwa mwaka 1622. Mama, baada ya kuelezwa habari hiyo, alitafuna kimya kimya, kisha akanituma nikanunue vingine vinne vya kupeleka Tanga.

Kwa anayeendesha, magari ya wageni hayaruhusiwi ndani ya kuta za miji mingi ya aina hii, na kamera huandika namba bila huruma. Egesha nje uingie kwa miguu. Mwenye leseni ya Afrika Mashariki achukue pia kibali cha kimataifa kabla ya kuondoka nyumbani. Nikiwa na siku moja tu ningeitumia Pitigliano. Nikiwa na mbili, usiku mmoja ningelala Civita tena, siku ya katikati ya wiki, na begi moja.