digiKam: kubadili majina ya picha nyingi bila kupoteza zilizoeditiwa

Wapiga picha wenzangu wa Unguja na Pemba, kama foda zenu zimejaa IMG_0001 mpaka IMG_9999 halafu kamera ikarudi tena 0001, itazameni hii digiKam, programu ya kupanga na kuediti picha. Ya bure kabisa, ya watu wa KDE (jumuiya ya wanaotengeneza programu huria), inakubali Windows, Linux na Mac, na kwa kubadili majina kwa mpigo mie sijaona ya bure inoishinda.

Kubadili jina tu si kazi, hata Windows inakupa harusi (1), harusi (2). Kazi iko kwenye zile ulizokwisha kuziediti. Ukiwa umewasha vesheni, yaani kuweka nakala ya kila uliyoiediti, digiKam haigusi picha ya asili, inaseva mpya pembeni, IMG_4310_v1, ukiirudia inakuwa _v2, na bi harusi akija akasema nataka ile ya kabla hujanisafisha uso lazma uzijue zipi ndugu. Sasa ukichagua zote ukabonyeza F2 ukaweka namba za mfululizo, ya asili inakuwa 012 na v1 yake 013, kwa jina huwezi tena kujua nani wa nani.

Dawa yake namba usiziguse. Chukua jina la faili lenyewe halafu ongeza amri ya kubadilisha neno, IMG_ iwe Makunduchi2024_, basi Mwaka Kogwa yote inakaa Makunduchi2024_4310 na Makunduchi2024_4310_v1 juu yake chini yake, na unaoneshwa jina la zamani na jipya kabla hujakubali. Hapa nawapa tano kwa tano.

Mkiwa wapiga picha wawili kwenye shughuli moja, tuseme Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, tangulizeni tarehe na saa ya picha ili zenu zote zijipange kwa mfuatano, kisha jina la faili lifuate, maana vesheni ina saa ile ile ya picha ya asili na bila jina zitagongana. Saa za kamera mzilinganishe kabla.

Wanaoandika maelezo na nyota za picha kwenye vifaili vya XMP, vile vinavyokaa pembeni ya picha, washeni XMP kwenye setingi, ukibadili jina ndani ya digiKam kifaili kinafuata picha yake, ukibadilia nje kinabaki na jina la zamani na nyota zako zote hazina mwenyewe.

Lightroom Classic, programu ya Adobe, nayo F2 yake nzuri lakini ni ya kulipia kila mwezi, kwa studio ndogo ya Chake Chake sioni sababu.

Nisichokipenda, inaweza kuficha picha za asili ikaonesha vesheni ya mwisho tu, sasa unachagua zote kumbe si zote. Ingia setingi za vesheni utie tiki za asili zionekane siku zote, ndo ubadili. Na mara ya kwanza kusoma diski yenye picha nyingi inachukua muda mrefu, iacheni imalize.